Kijiji cha L.B. Johnson, Labu, Malaysia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kijiji hiki kiko wapi?

Kiko Labu, wilaya ya Seremban, jimbo la Negeri Sembilan, kusini mwa Kuala Lumpur. Ukishuka na treni kutoka mji mkuu utapita Nilai, kisha Labu, kisha Tiroi, halafu Seremban. Uwanja mkubwa wa ndege wa nchi hiyo, ule wa Sepang, uko upande wa magharibi, si mbali. Kwa hiyo maelfu ya abiria kutoka Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar wamepita jirani kabisa na kijiji hiki bila kujua kama kipo. Wanafunzi wetu waliosoma vyuo vya Nilai ndio angalau wameona kibao njiani.

Jina lake rasmi ni FELDA L.B. Johnson. Wenyewe hufupisha: LBJ.

Kijiji cha Wamalay kimepataje jina la rais wa Marekani?

Mwishoni mwa Oktoba 1966 Rais Lyndon B. Johnson alikuwa katika ziara ndefu ya Asia na Pasifiki. Alianzia New Zealand na Australia, akahudhuria mkutano wa Manila kuhusu vita vya Vietnam, akapita Thailand, akatua Malaysia, kisha akaelekea Korea Kusini. Akiwa Malaysia wenyeji wake walimtoa mjini wakampeleka kwenye makazi mapya ya wakulima wa mpira yaliyoitwa Labu Jaya. Alikaa kwa muda mfupi tu. Alipoondoka, makazi yakabadilishwa jina.

Ajabu ni kwamba baada yake hakuna rais wa Marekani aliyekuwa madarakani aliyekanyaga Malaysia mpaka Aprili 2014, alipofika Barack Obama. Karibu miaka 48. Kwa muda wote huo ukumbusho wa ziara ya mwisho ulikuwa kibao cha kijiji kwenye barabara ya mashambani.

Kwa nini walimpeleka kwenye shamba la mpira na si mahali pengine pa fahari?

Kwa sababu shamba lile ndilo lililokuwa fahari yenyewe. Malaya, kama nchi ilivyoitwa kabla haijawa Malaysia, ilikuwa imetoka katika vita vya msituni dhidi ya wakomunisti, vilivyoanza 1948 na kutangazwa kwisha 1960. Waingereza walikuwa wamewahamisha karibu watu nusu milioni, wengi wao Wachina, na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, ili wapiganaji wakose chakula na habari. Robert Thompson, mmoja wa maofisa Waingereza wa vita vile, alikwenda baadaye Saigon kuongoza ujumbe wa washauri wa Uingereza, na mpango wa vijiji vyenye ngome huko Vietnam Kusini ukajaribu kufuata njia hiyohiyo. Ulishindwa vibaya.

Serikali ya Malaya huru ilikuwa na jibu jingine. Mtu asiye na ardhi mpe ardhi, umkopeshe, umwekee mnunuzi wa mazao, halafu uone kama atakuwa na hamu ya kuingia msituni na bunduki. Labu Jaya kilikuwa mfano wa jibu hilo. Johnson naye alikuwa mtu wa mashambani huko Texas, na akiwa mbunge kijana mwishoni mwa miaka ya 1930 alihangaikia kuwafikishia umeme wakulima wa kwao. Waliopanga ziara walijua wanamwonyesha nani kitu gani.

FELDA ni kitu gani?

Ni Mamlaka ya Shirikisho ya Maendeleo ya Ardhi, iliyoanzishwa 1 Julai 1956, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Aliyeisukuma kwa nguvu zote ni Tun Abdul Razak, naibu waziri mkuu aliyeshika maendeleo ya vijijini, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa pili. Kazi ya FELDA ilikuwa kufyeka msitu, kupanda zao la biashara, kujenga nyumba na kuleta watu. Ilipoacha kupokea familia mpya mwaka 1990, ilikuwa imeshaweka wakulima 112,635 katika makazi 317.

LBJ ni moja kati ya hayo 317. Ukiondoa jina, ramani yake ungeikuta popote: nyumba zimekaa pamoja katikati, msikiti, shule, ofisi ya meneja, duka, kisha mashamba yamezunguka pande zote.

Nani alikuwa anapewa shamba?

Mwanamume raia, aliyeoa, mwenye nguvu, asiye na ardhi au mwenye kijisehemu kisichomtosha. Waombaji walihojiwa na kupewa alama. Kuwa na watoto na kuijua kazi ya shamba kulisaidia. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa Wamalay, ingawa makazi machache ya mwanzo, kama Lurah Bilut huko Pahang, yalichanganya Wamalay, Wachina na Wahindi.

Aliyechaguliwa alipewa kiwanja cha robo ekari chenye nyumba ya mbao, na shamba la ekari 8 hadi 10 katika mipango ya mwanzo. Baadaye, kwa michikichi, wengine walipata hadi 14. Hakuna kilichotolewa bure. Gharama za kufyeka, kupanda na kujenga ziliandikwa kama mkopo, ukakatwa kwenye mauzo ya kila mwezi kwa miaka kama 15. Hati ilikuja deni likiisha.

Kizazi cha kwanza husimulia zaidi ile miaka ya kungoja. Mpira hauanzi kugemwa mpaka mti ufikie miaka mitano hadi saba. Katika kipindi hicho familia iliishi kwa posho ya kujikimu, nayo iliandikwa kwenye daftari la deni.

Je, ni sawa na vijiji vya ujamaa?

Swali hili huja sana kutoka Tanzania, na jibu ni hapana, ingawa kwa mbali vinafanana: nyumba zilizopangwa mistari, kamati, maofisa wenye madaftari. Tofauti ni mbili. Kwanza, watu waliomba wenyewe kwenda FELDA na wengi walikataliwa. Hakuna aliyepakiwa kwenye lori kama ilivyotokea kwetu katika operesheni za miaka ya 1970. Pili, shamba lilikuwa la mtu, si la kijiji. Mwanzoni wakulima walifanya kazi kwa vikundi vya watu kama 20, lakini mwisho wa safari ilikuwa hati yenye jina la mtu mmoja.

Ukitaka kulinganisha vizuri, nenda Kenya, kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea. Huko pia mkulima alikuwa na eneo lake, lakini meneja ndiye aliyeamua kipandwe nini, lini, na kiuzwe kwa nani. Wakulima wa Mwea waliasi mfumo huo mwishoni mwa miaka ya 1990. Wa FELDA hawakuasi kwa mtindo ule. Walipiga kura, na kwa miongo mingi waliipigia chama tawala.

Siku ya mgema mpira ilikuwaje?

Iliisha wakati watu wa ofisini wanaanza yao. Mti wa mpira hutoa utomvu vizuri kukiwa baridi, kabla jua halijapanda, hivyo mgema na mkewe walitoka gizani wakiwa na taa kichwani. Kisu cha kugemea kina ncha iliyojikunja. Unakipitisha kwenye gamba kwa mshazari, ukitoa ukanda mwembamba tu wa gamba. Ukienda juujuu, utomvu hautoki. Ukizama mpaka kwenye mti wenyewe, umeacha kidonda ambacho kitafanya uvimbe, na upande ule hautagemwa vizuri tena. Utomvu mweupe hufuata mfereji mpaka kwenye kikombe kilichofungwa shinani.

Saa chache baadaye unarudi na ndoo kukusanya. Wanaotengeneza karatasi za mpira hutia asidi ili maziwa yagande, kisha hupitisha bonge kwenye mashine ya kukamua yenye magurudumu mawili ya chuma. Wasio na muda huacha utomvu ugande kikombeni na kuuza mabonge. Kama hujawahi kunusa gunia la mabonge hayo yaliyolala siku tatu, shukuru.

Mvua ndiyo adui. Gamba likilowa, utomvu humwagika ovyo na siku hiyo hakuna kitu.

Mbona sasa eneo lote hilo linaonekana michikichi?

Kwa sababu ya hesabu. Mchikichi huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu tu, unavunwa kila baada ya siku 10 hadi 14 mwaka mzima, na kazi yake haisimamishwi na manyunyu ya asubuhi. FELDA ilianza kuupanda mwaka 1961 katika jimbo la Johor, na bei ya mpira ilivyozidi kuyumba ndivyo mchikichi ulivyozidi kuenea. Negeri Sembilan bado ina mpira, lakini ukipita Labu leo utaona minazi-siyo-minazi ile hadi macho yachoke.

Mchikichi una sheria yake moja ngumu: shada likishakatwa lifike kiwandani ndani ya saa 24 hivi, la sivyo asidi hupanda na mafuta hushuka daraja. Ndiyo maana kiwanda, barabara na lori vina nguvu kuliko mkulima. Anaweza kuwa na hati mkononi, lakini hawezi kuficha mzigo ndani akingoja bei ipande.

Ni kweli Wamalaysia walichukua mbegu Kigoma?

Huu ni usemi unaopendwa sana Tanzania, mpaka bungeni. Jibu ni refu kidogo.

Asili ya mchikichi ni Afrika, hilo halina ubishi. Lakini michikichi iliyozaa mashamba ya Asia Kusini-Mashariki inatokana na miche minne iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Shamba la kwanza la biashara huko Malaya, Tennamaram, lilipandwa 1917 na Mfaransa Henri Fauconnier. Hapo Kigoma haijaingia popote.

Kongo imeingia. Katika kituo cha utafiti cha Yangambi, watafiti wa Kibelgiji Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 jinsi unene wa kokwa unavyorithiwa: ukizalisha mti wa kokwa nene na usio na kokwa unapata tenera, wenye kokwa nyembamba na mafuta takriban asilimia 30 zaidi. Karibu kila mchikichi wa Malaysia leo ni tenera. Kamerun nayo imeingia: mwaka 1981 Malaysia ilileta kutoka huko mdudu mdogo anayechavusha maua ya mchikichi, na ikaacha kuwalipa watu wa kuchavusha kwa mikono.

Na Kigoma? Watafiti wa taasisi ya mafuta ya mawese ya Malaysia walifika Tanzania mwaka 1986 na kukusanya mbegu za michikichi ya asili, kama walivyofanya Nigeria, Kamerun, Zaire na kwingineko, ili wawe na akiba ya vinasaba. Kwa hiyo mbegu zilichukuliwa kweli, ila kufikia 1986 Malaysia ilikuwa imeshakuwa bingwa wa dunia wa zao hilo. Hazikuwa chanzo cha utajiri wao. Kilichotupita ni tenera na viwanda, na ndiyo maana sasa kituo cha Kihinga huko Kigoma, cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania, kinagawa miche ya tenera badala ya ile ya kokwa nene ya babu zetu.

Hayo mafuta yanafika kwetu?

Yako jikoni kwako. Kenya na Tanzania huagiza mafuta mengi ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Yakifika Mombasa na Dar es Salaam husafishwa na kuuzwa kwenye madumu, au kwa kipimo dukani. Mafuta ya kupima ya mtaani, yale yanayoganda alfajiri ya Julai huko nyanda za juu, mara nyingi ni mawese yaliyoondolewa rangi. Uganda imeamua kupanda yake katika kisiwa cha Bugala, wilaya ya Kalangala: shamba kubwa la kampuni katikati na wakulima wadogo pembeni. Ni mfumo ambao mtu wa LBJ angeuelewa bila mkalimani.

Baba akifa, shamba linakwenda kwa nani?

Kama una dakika ya kusoma jibu moja tu katika ukurasa huu, soma hili.

Negeri Sembilan si jimbo la kawaida. Wenyeji wake wengi wana asili ya Minangkabau, watu wa Sumatra, na mila yao, adat perpatih, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kuna koo 12. Ardhi ya ukoo hushuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Waingereza waliikuta mila hii na wakaiandikia sheria tangu 1909, kwamba ardhi ya namna hiyo isiuzwe nje ya ukoo.

Kisha ikaja FELDA na msitu usio wa ukoo wowote, ikagawa mashamba kwa sheria ya ardhi ya 1960. Sheria hiyo ilitaka jina moja, na jina lilikuwa la mume. Mke aliyegema upande mmoja wa shamba gizani na mtoto mgongoni hakuwa mahali popote kwenye karatasi. Katika jimbo ambalo bibi yake alikuwa mwenye ardhi! Akiachwa, aliondoka mikono mitupu. Ilichukua hadi marekebisho ya 2002 ndipo majina mawili yakaruhusiwa kwenye hati, na mke, hata aliyetalikiwa, akaweza kuandikwa kama mmiliki mwenza.

Kikwazo cha pili ni kwamba shamba halikatwi. Ekari 10 za baba mwenye watoto wanane hazigawanywi vipande vinane. Mmoja au wawili huandikwa, wengine hugawiwa mapato kwa makubaliano ya familia. Kwa mtazamo wa kilimo ni busara, kwani sote tumeona mashamba ya kwetu yalivyokatwakatwa hadi kuwa vishamba vya mahindi vya hatua ishirini. Kwa mtazamo wa ndugu ni mtihani, hasa mrithi akiwa Kuala Lumpur na aliyebaki kumuuguza mama hayumo kwenye hati.

Watoto hawa huitwa kizazi cha pili, na wajukuu kizazi cha tatu. Nyumba ni tatizo lao la kwanza: kiwanja ni robo ekari ileile. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani za mbao zimeongezewa tofali nyuma, kisha pembeni, mpaka ukuta wa jirani.

Wakazi wa FELDA ni matajiri?

Waliishi vizuri kuliko wazazi wao, na wamesomesha watoto. Matajiri ni neno kubwa.

Mwaka 2012 kampuni ya biashara ya FELDA iliingizwa kwenye soko la hisa. Ilikuwa kati ya mauzo makubwa zaidi ya hisa mpya duniani mwaka ule. Waziri mkuu wa wakati huo, Najib Razak, mtoto wa yule yule Tun Razak, alitangaza ringgit (RM) 15,000 kwa kila familia ya waanzilishi. Watu walishangilia. Bei ya hisa ilianza kwa zaidi ya RM4.50, na miaka michache baadaye ilikuwa chini ya nusu ya hapo. Mwaka 2019 serikali mpya ilipeleka bungeni waraka maalumu kueleza jinsi mamlaka yenyewe ilivyozama kwenye madeni. Mwaka 2021 serikali ikatangaza kuwafutia wakulima madeni ya mabilioni ya ringgit.

Deni la mkulima mara nyingi huanzia kwenye kupanda upya. Mchikichi ukifikisha miaka kama 25 ni mrefu mno kuvunwa. Unang'olewa, na kwa miaka mitatu hakuna mapato ila posho ya mkopo. Mzee wa miaka 70 anaanza tena foleni aliyoimaliza akiwa kijana.

Nani anavuna sasa?

Wazee hawawezi, vijana hawataki. Katika mashamba mengi ya Malaysia kazi hufanywa na wageni kutoka Indonesia, Bangladesh na Nepal: anayeinua mundu kwenye fito ndefu, anayebeba mashada, anayeokota chikichi zilizopukutika. Septemba 2020 Marekani ilizuia mafuta ya kampuni ileile ya 2012 yasiingie nchini mwake, kwa madai ya kazi ya kulazimishwa katika mashamba yake. Kampuni hiyo inaendesha mashamba makubwa, si viwanja vya wakulima wa LBJ, lakini jina FELDA liliguswa lote.

Chakula cha huko kikoje?

Mtu wa Pwani hatapata shida. Chakula maarufu cha jimbo hilo ni masak lemak cili api: samaki, kuku au nyama ya kukaushwa kwa moshi, ndani ya tui zito la nazi, manjano mabichi na pilipili kichaa zilizotwangwa. Rangi ni ya njano, ukali hauna huruma. Wenyeji wa majimbo mengine hulalamika kwamba watu wa Negeri Sembilan hawajui kiasi cha pilipili. Omba wali wa ziada mapema.

Naweza kutembelea?

Ndiyo, ni kijiji cha watu, hakina geti wala tiketi. Panda treni ya abiria ya laini ya Seremban, shuka Nilai au Labu, kisha tafuta teksi. Usafiri wa umma kuingia ndani ni wa shida. Vaa kwa staha, vua viatu mlangoni, na usiingie katikati ya michikichi wakati watu wanavuna, kwa sababu shada moja linaweza kuwa na kilo 20 au zaidi na linaangukia lilipotaka. Ijumaa mchana kila mtu yuko msikitini. Wazee wa umri wa kumkumbuka Johnson wamebaki wachache. Ukibahatika kumpata mmoja, salimia kwanza, keti, kunywa chai, ndipo uulize.